Filta ya AC yenye mkaa: nimeifunga mwenyewe kwenye Toyota Fielder, haya ndo niliyoyaona

Nianze na harufu maana ndo iliyonifikisha huku. Kila wiki huwaga napita Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, kumchukulia mama watoto dagaa za biashara yake, gunia linakaa buti, sasa ikafika mahali gari inanuka hata siku ambayo sijabeba kitu, na ukiwasha AC ndo kabisa, inakuja harufu ya dagaa imechanganyika na kitu kama nguo iliyolowekwa ikasahaulika kwenye ndoo siku tatu. Halafu upepo hamna. Feni naweka namba 4 inanguruma kama trekta ila ukiweka mkono kwenye matundu unasikia kapumzi tu.

Nikaenda gereji moja, fundi kasikiliza nusu dakika akasema gesi imeisha, toa elfu 70. Nikajiuliza, gesi ikiisha si hewa inakuwa ya moto? Ya kwangu ilikuwa ya baridi vizuri, ila chache. Nikamwambia ngoja nijipange kaka, nikaondoka.

Aliyeniokoa ni jirani anayeendesha Noah ya abiria, aliniuliza swali moja tu, filta ya AC ulishawahi kubadilisha? Aisee gari ninayo mwaka wa nne, filta ya oili naijua, ya injini naijua, hii nyingine, inayochuja hewa inayoingia ndani tulikokaa, nilikuwaga sijui hata kama ipo.

Basi nikaenda duka la spea Nyakato. Zipo za aina mbili, nyeupe ya karatasi elfu 12 na ya kijivu yenye unga wa mkaa ndani yake elfu 25. Dada wa kaunta akanambia ukweli ambao wauzaji wengi hawasemagi: "Kaka, hiyo nyeupe itakuzuilia vumbi, harufu itapita kama kawaida." Nikachukua ya mkaa. Kosa langu ni kwamba nilienda mikono mitupu nikataja tu Fielder ya 2008, na nitawaambia mbele ilinigharimu nini.

Kufunga sasa. Jamani kama unaweza kufungua sufuria yenye mfuniko unaweza kufanya hii kazi, bisibisi sikuigusa. Unafungua boksi la dashibodi upande wa abiria, lile la chini, unatoa kila kitu (mimi nilikuta mpaka tiketi ya kivuko cha Kigongo, enzi hizo daraja la Busisi bado linajengwa tunapanga foleni juani), unachomoa kale kamkono kanakozuia boksi lisidondoke ghafla, unayabana mashavu yake mawili kwa ndani, linashuka lenyewe. Nyuma yake kuna kimfuniko chembamba cha plastiki chenye klipu pembeni, bonyeza, vuta, filta ile pale imelala kama droo.

Vuta polepole na utandike gazeti chini. Mimi nilivuta kwa pupa nikamwaga vumbi la miaka minne kwenye kapeti. Na vumbi ndo lilikuwa dogo, filta nzima ilikuwa imejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi halafu upepo unawaleta mpaka mjini, wamekaukia kwenye mikunjo tabaka kwa tabaka, na manyoya ya kuku juu yake sijui yalifikaje. Ndo hewa tuliyokuwa tunavuta na watoto mle ndani.

Sehemu ya kuwa makini ni mshale. Ya zamani iliandikwa UP na mshale unaangalia juu, mpya imeandikwa AIR FLOW na mshale wake kwa gari yangu unatakiwa uangalie chini, kwa sababu hewa inatokea juu ya filta feni iko chini inaivuta. Nilikaa dakika tano nzima nageuza geuza kama chapati.

Sasa lawama yangu. Hii ya mkaa ilikuwa fupi, pembeni pamebaki uwazi kama wa kidole kidogo, na hewa sio mjinga, ikiona njia rahisi inapita hapo hapo. Ikabidi nirudi Nyakato na ile ya zamani mkononi, dada akasoma namba ya kwenye fremu, za Toyota zinaanzaga na 87139, akalinganisha akanibadilishia bila maneno, hapo nampa heko. Ila mafuta ya safari mbili ni yangu.

Wiki ya sita sasa. Upepo umerudi wote, namba 2 inatosha hata mchana wa jua kali, hapo sina ubishi. Vumbi la kwenye dashibodi limepungua sana. Harufu ya dagaa nikipita Mwaloni inaingia kidogo sana, nikibonyeza na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ndo siisikii kabisa. Ile ya nguo mbichi ilipungua tu haikuisha, maana inatoka kwenye evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa, yenye unyevu na filta haiwezi kuosha evaporeta, siku hizi nikikaribia nyumbani nazima AC naacha feni itembee dakika chache pakauke, inasaidia. Na gunia likiwa buti, hakuna mkaa utakaokuokoa, harufu imeshakaa ndani.

Nyota 4 kwa 5. Moja nimeikata kwa bei, kwa sababu mkaa unachoka kunyonya harufu kabla filta haijaziba, kwa hiyo kama njia zako ni lami na hupiti kwenye samaki chukua nyeupe ubadilishe mapema. Wengi wanataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja, ila kwa vumbi letu la Buhongwa na Igoma kiangazi mimi nitafungua kuangalia baada ya miezi sita. Na yule atakayekwambia ipulize na kompresa au ioshe na Omo uirudishe, mwambie akafanye kwenye gari yake.

Ya zamani nimeitundika ukutani kibarazani, wageni wakija naionesha.