Boksi la "Wavulana": Tathmini ya Banda la Vitabu vya Mtumba Jijini Mwanza

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikinunua riwaya za kisayansi katika banda moja la vitabu vya mtumba karibu na Makoroboi. Bei zake ni za haki, kati ya shilingi 2,000 na 5,000, na kitabu kilichopungua kurasa hupokelewa tena bila mabishano. Kwa hayo ninampongeza muuzaji kwa dhati.

Kinachonisikitisha ni upangaji wake. Riwaya zote zilizojengwa juu ya fizikia na hesabu za safari za anga amezitia katika boksi lililoandikwa "Wavulana". Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa heshima: "Mwalimu, hadithi hizi tangu asili ni za wanaume." Ninafundisha fizikia, na wasichana ninao darasani, jibu hilo sikuweza kuliacha lipite.

Nakiri kwamba ushahidi wa kumuunga mkono ulikuwamo ndani ya boksi lenyewe. Nilipata humo mkusanyiko wenye "The Cold Equations", hadithi ya Tom Godwin ya mwaka 1954, ambamo msichana anazamia katika chombo cha anga kinachopeleka dawa ili akamwone kaka yake, mafuta yaliyopimwa yanakuwa hayatoshi kuubeba uzito wake, na rubani analazimika kumtoa nje afe. Msomaji anaaminishwa kwamba aliyemuua ni kanuni ya fizikia. Lakini nahodha yeyote wa Mwaloni Kirumba anajua kwamba boti haiendi Ukerewe bila dumu la akiba, na ikikwama njiani, anayeulizwa ni aliyeituma, haliulizwi ziwa. Kanuni ilitaja uzito na mafuta tu. Kukinyima chombo akiba, kumfanya rubani mwanamume mwenye ujuzi na mzamiaji msichana asiyejua lolote, hayo yote yaliamuliwa na watu. Na mhariri John W. Campbell ndiye aliyemrudishia Godwin kazi hiyo mara kadhaa, kwa kuwa mwandishi kila mara alitafuta njia ya kumwokoa msichana.

Ndiyo maana sikubali kwamba ubaguzi wa kijinsia umo katika asili ya hadithi za sayansi. Mary Shelley alichapisha "Frankenstein" mwaka 1818, bila jina lake kwenye jalada, na mpaka leo wengi wanaihesabu miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za aina hii.

Katika boksi hilohilo la "Wavulana" nilikuta pia kitabu cha James Tiptree Jr., jina alilojificha nalo Alice Sheldon, ambaye wasomaji na waandishi wenzake walimdhania mwanamume kwa miaka mingi. Riwaya ya Ursula K. Le Guin, yenye jina lake la kike wazi jaladani, ilikuwa chini ya meza, katika boksi la "Mapenzi". Sayari, roketi na hesabu hazikuwa zimetazamwa. Lililotazamwa ni jina la jaladani.

Nilivinunua vyote viwili kwa shilingi 7,000 na kumweleza muuzaji habari za Sheldon. Alisikiliza kwa makini, akaliandika jina hilo katika daftari lake. Maandishi ya boksi bado hayajabadilika, kwa hiyo anayekwenda kutafuta riwaya za anga ayapekue maboksi yote mawili, na akiwa na binti, aende naye.