Mchezo wa bia wa semina za uongozi: mchezo nyota tano, semina ngoja tuongee

Naandika hii kwa watu wa HR na mameneja ambao kila ikikaribia Juni wanatafuta semina ya kumalizia bajeti, maana najua huu mchezo mtaletewa na mtajiuliza watu wazima wakae mezani wasogeze vipande vya plastiki asubuhi nzima ili iweje. Sisi tunasambaza vinywaji na bidhaa za dukani kwa jumla Kanda ya Ziwa, na tulichezeshwa na kampuni moja ya mafunzo, jina naliacha kwa sababu mtakazoziona huko chini. Hii ni rivyu ya vitu viwili, mchezo na waliouleta, msivichanganye tafadhali.

Kwanza mchezo. Unaitwa Beer Game na ni wa zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa, umetoka chuo cha MIT kule Marekani karibu na 1960, kwa kundi la mzee Jay Forrester. Huyu alikulia ranchi ya ng'ombe Nebraska, akawa injinia, akawa mmoja wa walioleta memori ya sumaku kwenye kompyuta za mwanzo, halafu akahamia mambo ya menejimenti na kinachonifurahisha ni alichokikuta huko. Kampuni ya General Electric walikuwa na viwanda vya vyombo vya nyumbani kule Kentucky, kipindi fulani watu wanafanya kazi shifti kwa shifti, miaka michache baadae nusu ya watu wako nyumbani hawana kazi. Ukiuliza unaambiwa soko, soko, soko. Forrester akachukua penseli na karatasi, akaandika wale mameneja wanaamuaje kuajiri na wanaamuaje kuweka stoo, akaanza kupiga hesabu wiki moja baada ya nyingine kwa mkono, akakuta hata oda za wateja zikitulia palepale zisiguswe, kiwanda kitapanda na kushuka chenyewe kwa hizo hizo kanuni zao. Yaani tatizo lilikuwa limekaa ndani ya ofisi na kila mtu anatazama dirishani.

Mnavyocheza sasa. Mnakaa kwenye meza ndefu, kuna duka la rejareja, kuna jumla, kuna dipo, kuna kiwanda. Kwetu nusu ya watu ni Waislamu na waliobaki wengi ni walokole, kwa hiyo bia ikafutwa ikaandikwa soda na hakuna kilichoharibika. Kila raundi ni wiki moja. Mwenye duka anafunua kadi inayosema wateja wametaka kreti ngapi, anaiona yeye peke yake. Unatoa mzigo ulionao, unaandika oda yako kwenye kikaratasi unakifunika unakisogeza kwa wa juu yako, oda inachukua wiki mbili kumfikia na mzigo nao wiki mbili kukufikia wewe. Kila mmoja anaanza na kreti 12. Kreti ikilala stoo wiki moja unatozwa nusu dola, kreti uliyoshindwa kumpa mteja inakula dola nzima kila wiki na deni halifutiki, linakusubiri. Kuongea marufuku. Na mshindi ni meza yenye gharama ndogo ukijumlisha za wote wanne, hili wanalisema mwanzo kabisa kwa sauti na watu wote wanaitikia ndiyo ndiyo tumeelewa.

Kama hujacheza na unataka kucheza, ruka aya hii na mbili zinazofuata. Wateja wanataka kreti 4 kwa wiki nne za kwanza, wiki ya tano wanapanda 8, basi, wanabaki 8 mpaka mwisho wa mchezo. Hakuna sikukuu, hakuna Ramadhani, hakuna lori lililopinduka. Mara moja tu kimebadilika kitu na kimebadilika kidogo.

Mimi nilikaa dukani kwa hiyo hizo kadi nilikuwa naziona. Kiwandani kwenye meza yetu alikaa mama wa uhasibu, mtu ambaye risiti ya bodaboda ya buku mbili anakurudishia kama haina tarehe, nawaambia hili mjue hatukumuweka mtu wa kutapanya. Stoo zikaanza kukauka kuanzia kwangu kwenda juu, jumla ananikwamia, yeye anakwamiwa na dipo, kila mmoja akiona mzigo hauji anaongeza oda kidogo, na ile aliyoongeza wiki iliyopita haihesabu kwa sababu haioni, iko njiani. Mama akapokea 10, akapokea 16, akapokea 24, yeye atajuaje kama huku chini watu wanataka 8? Akaagiza uzalishaji wa 40 kwa mkupuo. Wiki iliyofuata akaongeza tena, maana zile 40 hazijatoka kiwandani na deni linazidi kupanda. Mzigo ulipokuja kushuka ulishuka wote kwa pamoja, sisi wa chini tukaanza kuandika sifuri, sifuri, sifuri, na mama kila akifunua kikaratasi ni sifuri, ikafika mahali akavunja sheria ya kunyamaza akanipigia kelele kutoka kule mwisho wa meza, "Mwanangu, hao wateja wako walikuwa na harusi ikaisha au wamehama mji?"

Halafu linakuja lile tukio ambalo kwangu ndo lenye thamani ya pesa yote. Kabla kadi hazijaonyeshwa, watu wa jumla, dipo na kiwanda wanaambiwa wachore kwenye karatasi wanavyodhani wateja waliagiza. Wote walichora mlima. Wa dipo alichora mlima na bonde lake na pembeni akaandika "msimu umeisha". Kadi zikafunuliwa, 8, 8, 8, 8, na kelele iliyopigwa mle ndani hamuwezi kuamini, mmoja aliomba kadi zihesabiwe upya maana anahisi zimebadilishwa wakati wa chai. Nimekaa vikao vingi vya "nani kaharibu", hakuna hata kimoja kilichowahi kutoa jibu kama lile, kwamba meza nzima watu ni makini, hakuna mwizi, hakuna mvivu, na bado tumeunguza pesa kwa sababu kila mtu ameamua vizuri kwa alichokiona mbele yake.

Na sio sisi washamba tu. John Sterman wa hukohuko MIT alichapisha mwaka 1989 matokeo ya wachezaji wake, wakiwemo wanafunzi wa biashara na mameneja kabisa, wastani wa gharama kwa meza ukawa dola 2,028 wakati kwa kanuni nzuri tu ya kuagiza ilitosha dola 204. Mara kumi. Na kwenye biashara halisi ipo, Procter & Gamble walikuja kuangalia oda za Pampers, watoto wanachafua nepi kwa kasi ileile Januari mpaka Desemba, maduka yanauza karibu sawasawa, lakini oda za wasambazaji zinayumba, na oda za P&G wenyewe kwenda kwa wanaowauzia malighafi kama 3M zinayumba zaidi. Mtafiti Hau Lee na wenzake waliandika hilo 1997 na wakaeleza vyanzo vyake, kimojawapo ni watu kuagiza zaidi ya wanachohitaji wakishajua mgao unakuja.

Hiki cha mgao nyie wa biashara hapa mnakijua bila kusomeshwa. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivyozuia uvunaji wa miwa na viwanda vikapunguza uzalishaji, sukari ikapanda mpaka elfu nne kwa kilo na kuendelea, je mliona oda za siku zile? Mtu aliyezoea mifuko kumi anaandika thelathini, sio kwamba ana wateja wa thelathini, anajua atapewa theluthi. Anaeandikiwa naye akijumlisha anaona nchi nzima imeamua kuoga sukari. Upungufu ulikuwepo kweli, sibishi, ila hesabu zilizokuwa zinapanda kwenda juu zilikuwa za woga na ukiwa kiongozi ukaamua kwa kutumia hizo hesabu, ukitafuta tu "walanguzi ni akina nani" bila kuuliza taratibu yako ya mgao inawafundisha watu kuandika nini, utakamata wachache na mwaka mwingine itarudi.

Turudi ofisini kwetu maana hapa ndo semina ilipopotezea pointi. Sisi tuna kamisheni ya mauzo inayofungwa mwisho wa mwezi. Kuanzia tarehe 25 vijana wa mauzo wanawabembeleza wenye maduka wachukue mzigo, "chukua tu bro utalipa taratibu", magari yanapanga foleni dipo mpaka usiku, makuli wanalipwa ovataimu, chupa zinavunjika kwa haraka ile. Tarehe 1 mpaka 10 kimya, maduka yamejaa. Na kwa sababu maduka yamejaa, kreti tupu hazirudi, na bila kreti tupu hatupati soda za chupa kiwandani, kwa hiyo tarehe 15 maduka yakianza kuhitaji sisi hatuna. Watu wa stoo wanawalaumu mauzo, mauzo wanawalaumu manunuzi, manunuzi wanalaumu kiwanda, na kikao cha mwezi kinaisha kwa kuamua dereva mmoja aandikiwe barua. Kijana wa stoo alisimama akalisema hili pale pale, kwa mpangilio kama nilivyoandika, tena akachora na vishale, kamisheni inasukuma mzigo, mzigo unafunga kreti, kreti zinakosesha mzigo, kukosa mzigo kunafanya watu wa mauzo wapanic waanze kusukuma mapema zaidi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko slaidi zote.

Mkufunzi akasema asante kwa mchango, akaendelea na slaidi. Ambazo zilikuwa za Kiingereza, na nyingi.

Ila kosa lao kubwa sio hilo. Mkurugenzi wetu alikuja asubuhi, akafungua semina kwa hotuba ya kuvunja kuta kati ya idara, akapiga picha na kila meza, akaondoka. Sasa kanuni ya kamisheni anasaini nani? Yeye. Mfumo wa magari kupangiwa kwa mwezi badala ya wiki kapitisha nani? Yeye. Mlioleta mchezo mnajua fika kwamba somo lake zima ni kwamba anayeweza kubadilisha mambo ni aliyeshika taratibu na sio anayekimbizana nazo, halafu mnakubali mwenye taratibu apewe kiti cha mgeni rasmi? Hapa walitakiwa wawe wakali, wamwambie mzee ukae mezani ucheze kiwanda au tunaahirisha. Wangepoteza mteja labda, ila mteja huyo hawakumsaidia.

La pili ni hitimisho lao. Mwishoni walituuliza tufanye nini, mtu akasema tufungue grupu la WhatsApp idara zote ziwe zinaambiana, wakapiga makofi, likaandikwa kwenye flipchati kama azimio namba moja. Kuambiana kunasaidia, sikatai. Lakini Rachel Croson na Karen Donohue walijaribu huu mchezo kwa makusudi, utafiti wao ukatoka 2006, wachezaji wakaambiwa mapema kabisa mahitaji ya wateja yakoje, na wengine wakaonyeshwa stoo za wenzao, na oda bado zikawa zinavimba kadri unavyopanda juu, kwa wanaoona stoo zilipungua kuvimba lakini hazikuacha. Kwa sababu mtu akiwa na presha anasahau mzigo ulioko njiani hata kama namba anaiona. Kwa hiyo dawa ni pamoja na kupunguza huo muda wa kusubiri, kuagiza kidogo kidogo mara nyingi, kuondoa kinachomlipa mtu kwa kusukuma mzigo tarehe 28. Grupu la WhatsApp tunalo sasa, lina salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba.

Hivyo alama zangu. Mchezo nyota tano bila kusita. Waliouleta nyota mbili, chakula kilikuwa kizuri na muda walitunza.

Na kiukweli hamuhitaji kuwalipa. Mchezo mnaweza kuutengeneza wenyewe, karatasi za manila mbili mzibandike meza nzima, mchore stoo na njia za mzigo, vifuniko vya soda ndo viwe kreti, vikaratasi vya oda mkate kwenye karatasi za A4, kadi za wateja mnaandika kwa mkono. Bao lenyewe linauzwa pia na System Dynamics Society kule Marekani kama mnataka la kupendeza. Waambieni watu mtacheza wiki 50 halafu msimamishe ya 36, mkisema ukweli watu wanaanza kumaliza stoo kijanja mwishoni na inaharibu. Muda wa kuongea baada ya kucheza uwe mrefu angalau kama wa kucheza, na mtu wa kuongoza hayo maongezi awe anaijua kazi yenu na haogopi bosi, huyu ndo mgumu kumpata na kama mna pesa mlipeni huyu. Ya mtandaoni ipo, hata ya bure, inafaa kama mna matawi mikoani, ila kila mtu yuko na simu yake na ile raha ya kumuona mama wa uhasibu anafunua sifuri ya nne mfululizo inapotea.

Tarehe pangeni katikati ya mwezi. Mkiweka kuanzia 25 watu wa mauzo hawatakuja.