Uzoefu wangu na miche ya chai ya zambarau, TRFK 306

Mkulima aliyekwisha kupata mnunuzi wa chai ya zambarau ninampendekezea miche ya TRFK 306 bila kusita, lakini asiye na mnunuzi huyo ninamsihi aulize kwanza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Nasema hivyo nikiwa mkulima mdogo wa nyanda za juu za Murang'a, ambako familia yetu imechuma chai ya kawaida tangu enzi za wazazi wangu. Aina hii ya zambarau ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ambao taasisi yao leo iko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, nami niliinunua katika kitalu cha mtu binafsi ili kupanda sehemu ya shamba tuliyokuwa tukilima mahindi.

Nianze na miche yenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea au huokolewa. Mwenye kitalu aliniruhusu kuchana kifuko kimoja mbele yake, na nilichokiona kilinitosha: mizizi ilikuwa myeupe, imeenea kifuko kizima bila kujikunja chini, na udongo haukumwagika nilipoushika mkononi. Mche wenyewe ulikuwa na urefu wa shubiri moja hivi, shina limekomaa, na ulikuwa umekwisha kuzoeshwa jua kwa kuondolewa kivuli kidogo kidogo. Majani machanga huwa na rangi ya zambarau iliyoiva, ilhali yale yaliyokomaa hugeuka kuwa ya kijani, kwa hiyo mnunuzi wa miche asishtuke akiona majani ya chini hayana rangi aliyoahidiwa, aangalie ncha. Kwa kuwa miche hii hutokana na vipandikizi vya mti mmoja na si mbegu, yote inapaswa kufanana. Katika mzigo wangu ilikuwamo michache yenye ncha za kijani tupu, ishara kwamba vipandikizi vilichanganywa, na muuzaji aliibadilisha bila ubishi, jambo ambalo ninampa sifa kwalo.

Kuhusu udongo, chai haina mjadala. Kama ndugu zake wa jamii ya kamelia wanaopandwa Japani na Ulaya kwa ajili ya maua, mchai hutaka udongo wenye tindikali, wa kina na usiotuamisha maji, na pH, yaani kipimo cha tindikali, inayofaa zaidi ni kati ya 4.5 na 5.6. Afisa wa ugani aliyetutembelea alituonyesha kona ambako zamani palikuwa na nyumba na jiko la babu, akasema tusipande chochote pale, kwani majivu ya miaka mingi hupunguza tindikali na michai hudumaa, ikageuka manjano na kufa. Kipimo cha udongo kilithibitisha maneno yake, nasi tukaiachia kona hiyo mboga. Ninawahimiza wasomaji wenye mashamba ya urithi wawaulize wazee boma lilikuwa wapi, na wasimwage majivu ya jikoni kwenye chai hata kidogo.

Tulipanda mvua ndefu zilipotulia, kwa nafasi ya futi 4 kwa 2.5, ambayo huchukua miche takriban 4,300 kwa ekari. Shimoni tuliweka mbolea yenye fosfati iliyochanganywa vizuri na udongo, na baadaye, mizizi iliposhika, tukaanza mbolea ya NPK 26:5:5 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa kiasi kidogo. Matandazo ya nyasi yalisaidia sana kiangazi, mradi yasigusane na shina. Kazi inayohitaji subira ni kuutengeneza mti: chipukizi la katikati hukatwa chini, kwenye sentimita 15 hivi, kisha matawi ya pembeni yakirefuka hulazwa na kubanwa kwa vijiti vyenye ndoano ili yafunike ardhi mapema. Michai tuliyoilaza imefunga nafasi kuliko ile tuliyoikata tu, na magugu yamepungua chini yake.

Kwa ustahimilivu, nimeridhika kabisa. Jua la Januari hadi Machi lilipoikausha ncha za chai yetu ya zamani, hii ya zambarau iliendelea kuchipua, ingawa polepole, na sikuona ugonjwa wa kunitia wasiwasi.

Tatizo liko nje ya shamba. Viwanda vingi vya eneo letu vimejengwa kwa ajili ya chai nyeusi, na majani ya zambarau yakichanganywa na mengine kituoni hulipwa bei ileile ya kawaida; jirani yangu, ambaye miti yake ni mizuri kuliko yangu, hajawahi kupata nyongeza yoyote. Rangi ya zambarau hutokana na anthosiani, kemikali asilia za rangi katika mimea, ambazo huharibika kwa kiasi kikubwa jani likichachushwa kuwa chai nyeusi. Mimi huuza kwa msindikaji mdogo anayeyapasha majani moto mara yanapofika ili yasichachuke, na chai yake ukiikamulia limau kikombeni hugeuka waridi papo hapo. Ni chai ya kunywewa bila maziwa, na kwetu nyumbani wazee bado hawajaikubali.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka oda ya miche, mwulize mnunuzi mambo mawili na uyaandike: je, atalipa bei tofauti kwa majani ya zambarau, na je, gari lake litayachukua siku ileile yanapochumwa? Majani mawili na chipukizi yaliyolala guniani hadi kesho yake huwa yamekwisha kuchachuka, na hakuna msindikaji atakayeyalipia.