Zubr: Hovakrafti Kubwa Kuliko Zote Duniani, na Hiyo Sketi Yake Sasa!

Wadau, mambo vipi! Niko ufukweni hapa Mwanza, Jiwe la Bismarck mnaliona kule nyuma yangu. Upepo wa ziwa unasumbua maiki, vumilieni, mpya iko njiani. Najua wengi mlitaka nichambue boti za faiba za wavuvi. Zitakuja. Leo nina ugonjwa mwingine, unaitwa Zubr, hovakrafti ya kivita ya Warusi.

Kama hujawahi kuiona, tafuta ile video ya Agosti 2013 kule Kaliningrad, Urusi. Watu wamejilaza mchangani na nguo zao za kuogelea, mara dude la mita 57 linatoka baharini na kupanda ufukweni katikati yao! Mimi nimeirudia mpaka bando likakata.

Tani 555 ikiwa imeshiba mzigo, vifaru vikubwa vitatu tumboni, mwendo kama kilomita 100 kwa saa, tena juu ya maji. Mizinga na roketi naviruka, vimeshaongelewa sana. Nataka kitu kimoja tu. Sketi, yaani lile pazia la mpira linalozunguka chini ya chombo.

Hovakrafti haikai majini kama mtumbwi. Feni zinashindilia hewa chini, hewa inanaswa, chombo kinanyanyuka. Mwingereza Christopher Cockerell alianza majaribio mwaka 1955 na kopo la chakula cha paka ndani ya kopo la kahawa, kipuliza hewa, na mizani ya jikoni. Paka wetu huku wanakula vichwa vya dagaa, haya. Mwaka 1959 chombo chake, SR.N1, kikavuka bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Ila kilinyanyuka kidogo mno, wimbi likija ni taabu. Sketi ndiyo iliyookoa jahazi.

Dogo, sogeza kamera. Hili sanduku halina kitako, chini nimelizungushia turubai, kipande kimoja kizima. Napuliza na drayer ya saluni... limeinuka, mnaona linavyoteleza mezani? Sasa napitisha jiwe. Ona hapo! Turubai limeinuka kwenye jiwe, likavuta na pembeni, uwazi mpana, hewa yote imekimbia. Sanduku limeketi.

Sanduku la pili. Turubai lilelile, lakini chini nimelichana vidole vidole, vimebanana bega kwa bega. Jiwe lilelile. Sogea zaidi, dogo, shuka chini kabisa. Kidole kimoja kimejikunja, wenzake wametulia wanagusa meza. Jiwe limepita, kidole kimerudi mahali pake. Hewa iko ndani! Ngoja nirudie taratibu... kimejikunja... kimerudi. Aisee! Na kwenye hovakrafti zenyewe, kidole kikichanika fundi anabadilisha hicho hicho, habomoi sketi nzima. Mimi hapa naweza kukaa mpaka jioni.

Sasa kuna jamaa wa chaneli nyingine, simtaji, anawaambia hii kitu inapita popote. Popote wapi? LCAC, hovakrafti ya jeshi la majini la Marekani, ambayo ndiyo mpinzani wa Zubr, inaruka kizuizi cha kama mita 1.2 tu. Ilete sketi ya mpira kwenye miamba ya Capri Point uone itakavyochanwa. Ila kwenye magugu maji, hapo nakubali. Propela iko juu hewani, hakuna cha kunasa. Kuanzia 1966 Wamarekani walitumia hovakrafti ndogo Vietnam, kwenye mabwawa ya matete, zikapita vizuri. Tatizo likawa kelele, adui anakusikia kabla hujafika, na matengenezo yakawachosha.

Zubr ndiyo usiseme! Injini tano aina ya "gas turbine", ukoo mmoja na za ndege: mbili za kunyanyua, tatu za kusukuma, jumla kama nguvu farasi 50,000. Ipitishe Mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa wote walioanikwa utawakuta Ukerewe.

LCAC yenyewe inabeba kifaru kimoja, na inasafirishwa tumboni mwa meli kubwa mpaka karibu na pwani. Ndogo, haina mbwembwe. Lakini Januari 2005, baada ya tsunami, ndiyo iliyopeleka misaada Meulaboh, Indonesia, mahali ambapo barabara zilikuwa zimesombwa. Mmh. Kadiri ninavyoongea ndivyo naanza kuipenda hii zaidi. Zubr ni ya kutisha watu, hii ni ya kazi.

Bei! Mwaka 2009 China iliagiza Zubr nne kwa Ukraine, dola milioni 315. Ukipiga dola kwa shilingi 2,500, ni kama bilioni 787. Daraja letu la Kigongo–Busisi, kilomita 3, limekula zaidi ya bilioni 700. Mmenisikia? Zubr nne, daraja moja, na daraja halinywi mafuta. Kwa hiyo nyie mnaoniandikia kwamba serikali ituletee moja ya kwenda Nansio, kule Ukerewe: sawa, mngefika kwa nusu saa, ila hiyo nauli muuza dagaa gani ataiweza? Ugiriki ilinunua zake, Ugiriki ina visiwa na ina jeshi la majini la kuzilisha.

Haya, boti za faiba ni Jumamosi, maiki ikifika. Kama hujabonyeza kengele, bonyeza. Dogo, zima drayer, wenye saluni yao wanapiga simu.