Risiva ya Sinema ya Nyumbani kwa Bei Nafuu: Sikiliza Sauti ya Mtu Kwanza

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulize risiva nzuri, yaani ile mashine inayokuza sauti ya TV na filamu na kuipeleka kwenye spika. Muuzaji atafungulia besi mpaka vioo vya kabati vitetemeke, kisha atakuonyesha stika ya wati 10,000. Mimi naamini besi ndiyo ya kusikiliza mwisho. Anza na sauti ya mtu anayezungumza. Masikio yetu yameizoea sauti ya binadamu tangu utotoni, hivyo ikipinda kidogo tu tunahisi, hata tukishindwa kueleza kilichoharibika.

Nenda na flashi yenye vitu vitatu unavyovijua vizuri: mtangazaji wa mpira, taarabu ya zamani yenye udi na fidla, na kipande cha filamu chenye mazungumzo ya chini yanayofuatwa na kishindo. Usicheze kwa Bluetooth wakati wa kujaribu. Bluetooth huibana sauti, na hutajua kasoro ni yake au ni ya risiva.

Kabla ya muziki, washa risiva bila kucheza chochote, pandisha sauti, usogeze sikio kwenye spika ndogo ya juu. Mchirizo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito usioisha ni tatizo la umeme au la waya, na nyumbani utausikia kila usiku nyumba ikitulia. Kisha cheza mtangazaji kwa sauti ya chini, ile unayoweza kuitumia watoto wakiwa wamelala. Maneno yote yanasikika? Pandisha polepole. Risiva iliyoishiwa nguvu hujitambulisha hapo: sauti inakuwa ngumu, herufi "s" zinaanza kuchoma, na unajikuta unataka kupunguza ingawa bado haijawa kubwa sana. Kwenye fidla ni vivyo hivyo, uzi unageuka kuwa msumeno.

Hili la kulinganisha lizingatie sana. Risiva mbili zikipigwa kwa viwango tofauti, ile yenye sauti kubwa kidogo itakuvutia zaidi, hata kama tofauti ni desibeli 1 au 2 tu. Wauzaji wanalijua hilo. Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu, sawazisha zote mbili kutoka pale unapokaa, tumia spika zilezile, na uzime mapambo yote: besi ya ziada, "Hall", "Stadium". Bonyeza Direct au Pure Direct. Hapo utagundua jambo ambalo wengi hawaambiwi: risiva mbili nzima za kampuni zinazoeleweka, zisiposukumwa kupita uwezo wake, husikika karibu sawa. Tofauti kubwa iko kwenye spika na kwenye chumba.

Na zile wati? PMPO, lile jina linaloandikwa kando ya namba kubwa za wati kwenye stika, haina kipimo kinachokubalika popote. Kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Hata namba za kweli zina ujanja. Marekani ililazimika kutunga kanuni mwaka 1974 kuhusu matangazo ya nguvu za amplifaya. Sony STR-DH590 inatangazwa kwa wati 145 kila chaneli, lakini hizo ni za mlio mmoja wa hezi 1,000. Ikipimwa chaneli mbili kwa pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka besi hadi milio ya juu, inatoa wati 90 kwa spika za omu 6. Yamaha RX-V385, kwa kipimo hichohicho, inatoa 70. Kati ya 145 na 70 mtu anaona moja ni mara mbili ya nyingine. Kati ya 90 na 70 tofauti ni kama desibeli 1. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji nguvu mara kumi. Nguvu maradufu huleta desibeli 3 tu. Kwa hiyo spika yenye wepesi (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa faida sawa na kuongeza wati maradufu, bila kugusa risiva.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu mwenye sebule ya kawaida na fedha ya kuhesabu.

Namba moja ni risiva ya mtumba ya chaneli 5.1 (spika tano na sabufa moja) kutoka Ulaya, ya Yamaha, Denon, Sony au Onkyo, pamoja na spika mbili nzuri za kuanzia. Hakuna njia nyingine inayokupa sauti bora zaidi kwa shilingi ileile. Soma stika ya nyuma: iandikwe 220–240 V. Mashine ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120. Ukiichomeka ukutani kwetu bila transfoma utaiunguza. Tafuta yenye HDMI ARC, tundu la HDMI linalorudisha sauti kutoka TV hadi kwenye risiva, iliyoingia na HDMI 1.4 mwaka 2009. Ikiwa haipitishi picha za 4K usiikatae: chomeka king'amuzi na deki moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti irudi kwa ARC au waya wa optiko. Ichezeshe dukani nusu saa hivi, jaribu kila chaneli, zungusha kitasa cha sauti usikilize kama kinakwaruza, na udai maikrofoni yake ya kupimia chumba.

Namba mbili ni risiva mpya ya daraja la chini: RX-V385, STR-DH590, au Denon AVR-S570BT kama unataka HDMI ya kisasa ya 8K. Unalipia garanti na utulivu wa moyo. Zote ni za kilo 7 na ushei, uzito unaotokana kwa sehemu kubwa na transfoma, na si vibaya kuinyanyua risiva usiyoijua kabla ya kusoma stika yake. Kati ya hizi nachagua Yamaha. YPAO, mfumo wake wa kupima chumba, ni rahisi kutumia, na vyumba vyetu vya saruji na vigae vinarudisha mwangwi mno. Vipimo vikishafanyika, weka mpaka wa besi kwenye hezi 80 ili sabufa ibebe mzigo na spika ndogo zipumue. Tandika na zulia. Pazia zito pia linasaidia.

Namba tatu, saundibaa yenye sabufa yake pembeni. Mazungumzo ya filamu huwa safi, hasa ikiwa ina spika ya katikati, na waya ni chache. Lakini ikiharibika imeharibika yote, na huwezi kubadilisha spika mwakani.

Hom thieta za boksi moja, zile za DVD na spika tano nyembamba, naziweka namba nne. Plagi zake mara nyingi ni za kwake peke yake, na spika zile hazina mwili wa kubeba sauti ya mwanamume. Sikiliza msoma habari mmoja tu utanielewa.

Mwisho kabisa ni sabufa za PMPO. Kwa shughuli ya uani zinafanya kazi, sina ugomvi nazo. Kwa filamu, besi yake hupiga noti moja kila wimbo, na maneno ya waigizaji huzama humo. Kama ndiyo iliyo ndani ya uwezo wako sasa, rudisha kitasa cha besi chini ya nusu, toa spika ndogo juu ya boksi lake uziweke usawa wa masikio, moja kila upande wa TV, na sabufa uisogeze mbali na kona.