Carmichael 2002 au Lawrence 2023: msimu upi ulikuwa mgumu zaidi?

Katika ubingwa wa Marekani wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, kila duru ina mbio mbili, na kila moja huenda dakika 30 pamoja na mizunguko miwili ya ziada. Kushinda zote msimu mzima ni jambo la ajabu. Ricky Carmichael alikuwa wa kwanza, mwaka 2002, akiwa na Honda: duru 12, ushindi 24. Jett Lawrence, Mwaustralia, alishinda 22 kati ya 22 mwaka 2023, pia kwa Honda, kwa sababu duru zilikuwa 11.

Hesabu inampa Carmichael nafasi ya juu, lakini mimi naangalia zaidi pikipiki. Yake ilikuwa CR250R, injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Nguvu yake huja ghafla, kwa hiyo mkono haubanduki kwenye klachi, na ukikosea gia kwenye kona yenye mchanga mzito, pikipiki inakufia hapo hapo. Lawrence aliendesha CRF450R ya mipigo minne, ambayo huvuta vizuri hata injini ikizunguka polepole.

Hata hivyo, Lawrence alikuwa mgeni katika daraja la 450, lile la pikipiki kubwa. Carmichael alikuwa tayari bingwa mara mbili wa daraja lake. Lakini Eli Tomac, bingwa wa msimu uliotangulia, hakuwepo 2023, alikuwa ameumia kano ya kisigino. Kwangu mimi, 2002 inabaki juu.