Duka lenye nembo ya nguruwe, na jina la kampuni lililotaka kutuponyoka

Tarehe 19 Juni 2025, kabla sijamaliza chai, mteja wetu wa Ujerumani alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Alikuwa ameandika anwani ya tovuti yetu akakutana na ukurasa wa matangazo: viatu, mikopo, na chini kabisa maneno ya kumwuliza kama angependa kulinunua jina hilo. "Bado mpo?" akauliza. Alikuwa ameshalipa nusu ya safari ya siku saba, njia ya Machame, watu wanne.

Kampuni yetu ya kupandisha wageni Kilimanjaro ina watu watatu na ofisi ya chumba kimoja hapa Moshi. Karibu kila mgeni anatufikia kwa barua pepe, na barua pepe yetu inatembea na jina la tovuti. Sanduku lilikuwa kimya kwa wiki kadhaa, sisi tukasema msimu mwaka huu umechelewa. Kumbe watu walikuwa wanaandika, barua zinawarudia.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu mtu akisoma sifa za msajili wa domeini, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, bila kujua kilichomfikisha huko mwenye kusifia, ataona ni tangazo.

Domeini yetu ya .com ilisajiliwa mwaka 2017 na fundi aliyetutengenezea tovuti. Tulimpa hela, akatupa tovuti, tukashikana mikono. Hakuna aliyeuliza jina limeandikwa kwa nani. Kiwanja usingenunua hivyo, ungetaka kuona hati na ungekwenda na mjumbe. Domeini tukaichukulia kama rangi ya ukuta, kitu ambacho fundi anakuja nacho.

Asubuhi ile nikaingia lookup.icann.org, nikaandika jina letu. Huduma ni ya bure, haitaki akaunti. Inakuonyesha domeini imesajiliwa lini, inaisha lini, iko katika hali gani na msajili ni nani. Ilikuwa imeisha katikati ya Mei. Msajili alikuwa kampuni ya nje ambayo sijawahi kuisikia. Lile duka ambalo fundi alinunulia, ambalo miaka yote tulidhani ndilo msajili, lilikuwa dalali tu. Linachukua hela yako, linaipeleka mbele na kubaki na chake. Hakuna ubaya kwa dalali, ila siku ya tatizo unapiga simu kwa mtu ambaye naye lazima apige simu.

Msajili yule wa nje, kwa haki yake, alikuwa amefanya kazi yake. Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, zinamtaka amkumbushe mteja takriban mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho, tena wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Alikumbusha. Alimkumbusha fundi, kwenye barua pepe ambayo fundi aliacha kuifungua tangu ahamie Dodoma.

Kumpata ilichukua siku nane. "Dada, nisamehe sana, mimi nilijua mlishahamisha," akaniambia. Si mwizi, ni mzembe, na mimi nilikuwa mzembe mwenzake. Lakini katika siku zile nane hata ule ukurasa wa matangazo ulitoweka, na kule kwenye lookup hali ya jina ikawa imebadilika. Domeini ya .com ikishapita muda wa kulipiwa kwa bei ya kawaida, inaingia kipindi cha siku 30 cha kukombolewa. Hapo mwenyewe bado ana haki nayo, ila kwa faini. Zikipita bila kukombolewa, zinabaki siku tano za kusubiri kufutwa, kisha yeyote duniani anaweza kuichukua. Tulilipa dola 80 za kuikomboa na dola 17 za mwaka mmoja. Zaidi ya shilingi laki mbili, mwezi wa Julai, wapagazi wanasubiri hela ya mlima.

Jina liliporudi ndipo nikaanza kutafuta msajili wa kumwamini. Sikutafuta wa bei ndogo kuliko wote, na nina sababu. Kila .com duniani inatoka kwa Verisign, kampuni inayotunza daftari la .com zote, na mwaka 2025 msajili alikuwa analipa Verisign dola 10.26 kwa mwaka, achilia mbali senti za ICANN. Kwa hiyo anayekutangazia .com kwa dola mbili anakula hasara mwaka wa kwanza. Atairudisha wapi? Nilifungua kurasa za wauzaji sita, nikawa naruka maandishi makubwa natafuta yale madogo: bei ya kuhuisha mwaka wa pili. Kwa wawili kati yao sikuiona kabisa mpaka nilipoweka jina kwenye kikapu. Hao niliwafuta hapohapo.

Binamu yangu wa Arusha anatumia Cloudflare. Wanauza kwa bei ileile ya jumla bila kuongeza faida, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipopiga hesabu mwenyewe. Sharti lao ni kwamba domeini yako lazima itumie seva zao za majina, zile mashine zinazoelekeza jina lako tovuti na barua pepe ziliko. Kwa wanaoelewa mambo hayo hilo si kitu. Mimi tovuti na barua pepe zetu ziko kwa hosti mwingine, kampuni inayozihifadhi, mipangilio aliiweka fundi, na baada ya mwezi ule sikutaka kugusa waya hata mmoja.

Nikaishia Porkbun. Ndiyo, jina lenyewe ni mkate wa nguruwe na nembo yao ni nguruwe. Mimi Mchaga, kitimoto hainishtui. Mwenzangu wa ofisi ni mtu wa Tanga, swala tano, akaniangalia muda mrefu kabla ya kusema, "Dada, katika makampuni yote ya dunia?"

Wako Portland, Marekani, na ICANN imewaidhinisha moja kwa moja, kwa hiyo si dalali wa mtu. Bei ya kusajili, ya kuhuisha na ya kuhamia zimewekwa pamoja kwenye jedwali moja, na .com nililipa dola 11 na senti kidogo. Kuficha taarifa zako zisianikwe hadharani ni bure, wakati duka letu la zamani lilikuwa linatoza kila mwaka. Akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili, nimeuwasha kwenye simu yangu na ya mwenzangu. Unaweza pia kuweka salio kabisa, na hilo kwangu lina maana kuliko inavyoonekana: kadi yangu ya mtandaoni ninayoijaza kutoka kwenye simu huwa haina kitu siku nyingi za mwezi, na ikikatwa siku haina kitu, tunarudi kulekule kwa matangazo ya viatu.

Ila kilichonishika zaidi ni kitufe kimoja. Ukitaka kuhama msajili unahitaji msimbo wa siri wa kuhamishia jina. Kule tulikotoka ilinibidi niandike ombi. ICANN inawapa siku tano za kukupa, na walizitumia zote tano, katikati wakinipigia kuniuliza nimekosewa nini na kunipa punguzo. Porkbun msimbo uko ndani ya akaunti yako, unafungua kufuli la jina, unauchukua mwenyewe. Nilikwenda kuutafuta siku ya kwanza tu, hata kabla sijamaliza kupanga mambo mengine. Duka linaloacha mlango wa kutokea wazi halina haja ya kukubembeleza.

Kosa langu, nalo nikuepushe. Jina liliporudi nilikimbilia kulibadilisha mwenye, kutoka kwa fundi kwenda kwa kampuni, palepale kwa msajili wa zamani. Nikaona nimemaliza. Mabadiliko hayo yakalifunga jina siku 60, haliwezi kuhama. Ningemwomba fundi anipe msimbo, nihame kwanza, halafu nibadilishe mwenye nikiwa huku. Badala yake nilisubiri mpaka Septemba, kila asubuhi nikiingia lookup kuangalia kama jina bado lipo, kama mtu aliyeacha ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

Kuhama kwenyewe kulichukua siku tano na barua pepe hazikukatika hata saa moja. Uhamisho unakuongezea mwaka mmoja juu ya uliokuwa nao, hupotezi kitu. Nikaongeza minne, kikomo ni kumi.

Mwenzangu aliuliza swali zuri: hawa Wamarekani wakifa je? Liliwahi kutokea. Mwaka 2007 kampuni ya RegisterFly iliporomoka, ICANN ikaifutia idhini na majina ya wateja yakahamishiwa GoDaddy. Wasajili walioidhinishwa leo wanatakiwa kuweka nakala ya kumbukumbu za wateja kwa mtu wa tatu, ili wakianguka ijulikane jina ni la nani. Lakini nakala hiyo inataja aliyeandikwa kama mwenye. Sisi ingemtaja fundi wa Dodoma.

Ninalowapunguzia nyota ni .co.tz, domeini ya Tanzania, ambayo pia tunayo. Sikuiona kwenye orodha yao, kwa hiyo yetu nimeiacha nchini, kwa msajili aliye kwenye orodha ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nalipa kwa simu na nikikwama naongea Kiswahili. Hapo pia nilihakikisha domeini imeandikwa kwa jina la kampuni na barua pepe ya kukumbushwa haiko kwenye domeini hiyohiyo. Ikizimika, utazipokelea wapi taarifa za kuzimika?

Nyota nne kati ya tano. Risiti nimeichapa, iko kwenye faili la vibali vya TANAPA. Mwenzangu ndiye anayeshika daftari la matumizi, na jina la kampuni amekataa kuliandika. Ameandika: "Wale wa Portland, mpaka Mei 2031."